Vitabu vya sanaa: Nani aliyefinyanga chungu?

MWANAFUNZI wa Kitale au Bungoma aliyeingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026 na kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ana swali ambalo walimu wake wengi hawakuulizwa walipokuwa shuleni: asome nini kuhusu sanaa ya kwao?

Swali hilo si dogo. Somo la Sanaa na Ufundi lilipoacha kutahiniwa katika shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule nyingi zililiweka kando. Katika shule za upili, somo la Sanaa na Usanifu likabaki la wachache. Wengi walimaliza masomo yao bila kufungua hata kitabu kimoja cha sanaa.

Maduka ya vitabu katika miji hiyo miwili, sawa na kwingineko nchini, hupata riziki yake kutokana na vitabu vya kiada. Anayetaka kusoma kuhusu wafinyanzi, wachongaji au wasusi wa vikapu hana budi kulijua jina la kitabu kabla ya kwenda kukitafuta.

Hata hivyo, vitabu vipo, na baadhi yake vinalihusu eneo hili moja kwa moja kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba vingi viliandikwa na wageni, tena kwa Kiingereza, na aliyekitengeneza kifaa hatajwi. Chungu huitwa cha Wabukusu na mkufu huitwa wa Wapokot, basi. Ni kana kwamba kabila zima liliketi likafinyanga chungu kimoja.

Msomaji anayetafuta sauti mbalimbali katika sanaa na usanifu atafaidika zaidi akivisoma vitabu hivyo huku akijiuliza ni nani anayesema, na ni nani aliyenyamazishwa.

Mahali pafaapo pa kuanzia ni Kitale kwenyewe. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya wadudu, wanyama na vitabu, alianzisha jumba lake la makumbusho mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966, wasia wake uliacha mkusanyiko huo pamoja na fedha za kujenga jumba jipya, ambalo lilifunguliwa Desemba 1974. Hilo ndilo linalojulikana leo kama Makumbusho ya Kitale.

Katika makumbusho hayo mgeni huona vifaa vya jamii za magharibi mwa Kenya na za kaskazini mwa Bonde la Ufa, na nje kuna mifano ya nyumba za jadi. Kwa anayejifunza usanifu, hilo ni darasa tosha. Kigoda, kibuyu na ngao vilibuniwa na watu waliojua uzito, ukubwa na matumizi ya kila kimoja kabla ya kukishika chombo cha kuchongea. Lakini desturi ya makumbusho ya aina hiyo, kote duniani, imekuwa kuandika jina la jamii kando ya kifaa, si jina la fundi.

Desturi hiyo ilitoka vitabuni. Mtafiti Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti miongoni mwa Walogoli na Wabukusu katika miaka ya 1930. Matunda yake ni kitabu kiitwacho The Bantu of North Kavirondo, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1949, na ya pili mwaka wa 1956 baada ya mwandishi kufariki. Juzuu hiyo ya pili, inayohusu uchumi, ndiyo yenye manufaa zaidi kwa msomaji wa sanaa.

Kitabu hicho kilichapishwa tena mwaka wa 1970 kwa jina The Bantu of Western Kenya. Msomaji wa Bungoma asishangae akikuta jina la watu wake limeandikwa "Vugusu". Wagner alikuwa mtazamaji makini, na mambo mengi aliyoyaandika yasingejulikana leo bila yeye. Lakini aliandika kuhusu mila, na mtu mmojammoja alimhusu pale tu alipokuwa mfano wa mila hiyo.

Kwa upande wa picha, kuna The Peoples of Kenya cha Joy Adamson, kilichochapishwa mwaka wa 1967. Mwandishi huyo, ambaye wengi humfahamu kwa kisa cha simba Elsa, alikuwa amepewa kazi na serikali ya kikoloni ya kuchora watu wa jamii za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Jicho lake halikupitwa na ushanga wala kovu la chale. Mbunifu wa mavazi au mapambo anaweza kujifunza mengi humo, mradi akumbuke kwamba picha hizo zilichorwa kwa hofu kuwa mavazi hayo yangetoweka. Waliochorwa hawakuulizwa kama nao walikuwa na hofu hiyo.

Africa Adorned cha Angela Fisher, cha mwaka wa 1984, kinafuata njia hiyo hiyo kwa kutumia kamera. Kitale ni lango la kuelekea Pokot na Turkana, na mapambo ya huko yamo katika kitabu hicho. Ni kitabu cha kupendeza mno. Pengine kupendeza kwake ndiko kunakomfanya msomaji asahau kuuliza maswali.

Aliye Bungoma asivisahau pia vitabu kuhusu upande wa pili wa Mlima Elgon. Tribal Crafts of Uganda, kilichoandikwa na Margaret Trowell na Klaus Wachsmann mwaka wa 1953, kinaeleza na kuchora vifaa vya jamii za Uganda kimoja baada ya kingine. Wagisu ni ndugu wa Wabukusu kwa asili na lugha, na mpaka uliochorwa na wakoloni haukukata ususi wala ufinyanzi.

Mwaka wa 1989 kilichapishwa kitabu cha namna nyingine. Oxford University Press, kwa ushirikiano na Chama cha Makumbusho cha Kenya, ilitoa Kenyan Pots and Potters, kilichohaririwa na Jane Barbour na Simiyu Wandibba. Wandibba, msomi wa akiolojia na anthropolojia, ni Mbukusu. Kwa mara hii, mmoja wa waliokuwa wakiandika kuhusu vyungu alikuwa ametoka katika jamii ambayo vyungu vyake vilikuwa vikiandikwa na wengine.

Tofauti inaanzia katika jina la kitabu, ambalo linataja vyungu na wafinyanzi. Chungu kinaonekana kama kazi ya mtu mwenye ujuzi, mwenye wateja na mwenye shida zake, na jamii mbalimbali za Kenya zimepewa nafasi humo.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo ni muhimu, yafaa kuelewa chungu chenyewe kinavyotengenezwa. Mfinyanzi wa magharibi mwa Kenya hatumii gurudumu. Huchimba udongo, huuacha ulowe, huuponda na kuondoa mawe, kisha huuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Hujenga kwa mikono, pingili juu ya pingili, akingoja sehemu ya chini ikauke kiasi kabla ya kuendelea juu. Akifanya haraka, chungu hubonyea. Akichelewa, sehemu mbili hazishikani.

Pambo huwekwa udongo ukiwa bado mbichi. Kamba iliyosokotwa huviringishwa juu ya shingo ya chungu na kuacha alama zinazojirudia. Baada ya hapo chungu hukaushwa kwa siku kadhaa na kuchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, bila tanuri. Aliyewahi kuona chungu kikubwa cha busaa kikizungukwa na wazee wenye mirija mirefu ameona matokeo ya maamuzi mengi ya usanifu: upana wa tumbo, wembamba wa shingo, unene wa ukingo.

Maamuzi hayo yalifanywa na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke. Mnunuzi sokoni Kimilili au Chwele anaweza kumwuliza mfinyanzi jina lake na akajibiwa. Msomaji wa vitabu vya zamani hana wa kumwuliza.

Kitabu cha kusomwa sambamba na hicho ni Magdalene Odundo: The Journey of Things, kilichoandamana na maonyesho ya mwaka wa 2019 katika jumba la Hepworth Wakefield, Uingereza. Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950 na kuhamia Uingereza mwaka wa 1971. Alijifunza kwa wafinyanzi wa Abuja nchini Nigeria na baadaye katika chuo cha Royal College of Art, London.

Vyombo vyake vinahifadhiwa katika majumba makubwa, likiwemo British Museum, na mwaka wa 2020 alipewa nishani ya heshima ya Uingereza inayomfanya aitwe Dame. Naye hujenga kwa mkono, pingili juu ya pingili, bila gurudumu. Husugua udongo hadi ung'ae, na huchoma chombo mara zaidi ya moja ili kipate wekundu au weusi anaoutaka. Msomaji akiviweka vitabu hivi viwili mezani kwa pamoja ataona kwamba mbinu zimekaribiana sana. Kilichotofautiana ni kwamba kazi ya Odundo ina jina lake.

Sauti nyingine ambayo wakazi wa eneo hili wana haki ya kuidai ni ya Gregory Maloba. Mchongaji huyo alizaliwa Mumias mwaka wa 1922, mwendo mfupi kutoka Bungoma, na alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka wa 1937. Baadaye yeye mwenyewe alifundisha huko, kisha akarejea kufundisha katika chuo kikuu Nairobi.

Sanamu ya Uhuru iliyoko katikati ya jiji la Kampala, inayoonyesha mtu akimwinua mtoto juu, ni kazi yake ya mwaka wa 1962. Waganda wengi hupita karibu nayo kila siku. Ni Wakenya wangapi wanaojua kwamba aliyeichonga alitoka Mumias?

Kwa wasanii wa kizazi hicho na waliofuata, vipo vitabu vitatu vya kutafutwa. Art in East Africa cha Judith von D. Miller, cha mwaka wa 1975, ni cha zamani lakini kina thamani kwa kuwa kiliandikwa wengi wa wasanii hao wakiwa hai na wakifanya kazi. Wegzeichen cha Johanna Agthe, kilichotolewa Frankfurt mwaka wa 1990 kwa Kijerumani na Kiingereza, kinahusu sanaa ya Afrika Mashariki ya kati ya miaka ya 1974 na 1989. Cha tatu ni Art in Eastern Africa, kilichohaririwa na Marion Arnold na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka wa 2008. Hiki cha mwisho kinapendekezwa kwanza, kwa kuwa kilichapishwa na jirani na huenda kikapatikana kwa urahisi zaidi.

Ukurasa wa wanawake katika historia hiyo ni mfupi kuliko inavyostahili. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka wa 1928, alisomea sanaa Makerere kati ya 1950 na 1952 na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika fani hiyo chuoni humo. Alifanya kazi ya ualimu kwa miaka mingi kabla ya kujulikana kwa picha alizozitunga kwa vipande vya karatasi za kufungia bidhaa za dukani. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum in Harlem, New York. Alifariki mwaka wa 2021. Walimu wanaolalamika kwamba rangi na brashi ni ghali wangefaidika kwa kuwaonyesha wanafunzi kazi za mwalimu mwenzao huyo.

Aidha, yapo mapendekezo kwa wenye kupenda usanifu wa kisasa. Making Africa, kilichotolewa na jumba la Vitra Design Museum mwaka wa 2015, kimejumuisha kazi za Mkenya Cyrus Kabiru, anayetengeneza miwani kwa vyuma na taka za mjini. African Artists: From 1882 to Now, cha shirika la Phaidon cha mwaka wa 2021, kinakusanya wasanii zaidi ya 300 wa bara zima. Ni kizito na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi, lakini maktaba moja ikikinunua kitawatosha wengi.

Sanaa ya eneo hili ina umri mkubwa kuliko vitabu vyote hivyo. Huko Kakapel, katika kaunti jirani ya Busia, kuna mwamba wenye michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: maumbo ya duara na mistari, na juu yake ng'ombe waliochorwa na watu wa nyakati za baadaye. Michoro ya kwanza huaminika kuwa kazi ya wawindaji walioishi hapo kabla ya wakulima na wafugaji. Mwamba huo ulitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka wa 2004.

Anayetaka kuulinganisha na michoro ya Sahara au ya kusini mwa Afrika atafute African Rock Art cha David Coulson na Alec Campbell, cha mwaka wa 2001. Hapa hakuna anayeweza kudai jina la mchoraji. Lakini hata juu ya mwamba huo mtazamaji makini ataona kwamba mikono ilikuwa mingi.

Majarida nayo yana nafasi yake. Transition, lililoanzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka wa 1961, liliweka fasihi, siasa na sanaa katika kurasa zilezile, jambo lililomgharimu Neogy uhuru wake alipofungwa mwaka wa 1968. Jarida la African Arts, linalotolewa na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, tangu mwaka wa 1967, ndilo ghala kubwa zaidi la makala za kitaalamu kuhusu sanaa ya Afrika. Nka, lililoanzishwa mwaka wa 1994 na Okwui Enwezor wa Nigeria, lilikusudiwa kuwapa Waafrika nafasi ya kujisemea kuhusu sanaa yao ya kisasa.

Nairobi ilikuwa na majarida yake. Joe, la Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, lilianza mwaka wa 1973 na kumfanya mwananchi wa kawaida acheke matatizo yake kupitia vibonzo. Kwani?, lililozaliwa mwaka wa 2003 chini ya Binyavanga Wainaina, lilichanganya hadithi na picha kwa namna iliyowaudhi baadhi ya wasomi. Awaaz nalo lilianzishwa kuandika historia na utamaduni wa Wakenya wenye asili ya Asia Kusini, jamii ambayo maduka yake yalikuwa sehemu ya sura ya miji ya nchi hii tangu enzi za reli.

Karibu vitabu na majarida yote yaliyotajwa hadi hapa yameandikwa kwa lugha za kigeni. Msomaji wa Kiswahili amehudumiwa vyema katika tawi moja tu la sanaa ya kuchora, nalo ni vibonzo. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Mwaka wa 1996 Sasa Sema Publications ilitoa Abunuwasi, kitabu cha vibonzo kilichochorwa na Gado, Mtanzania aliyejijengea jina Nairobi. Wapo wanaodharau vibonzo wakidhani ni mchezo wa watoto. Ajaribu mmoja wao kuchora uso wa mtu anayedanganya kwa mistari mitano, ndipo ajue.

Leso nayo isisahauliwe, kwani ni usanifu unaosomwa kama maandishi. Sharifa Zawawi aliiandikia kitabu mwaka wa 2005, Kanga: The Cloth That Speaks, akieleza kitambaa hicho pamoja na misemo yake. Mama anayejifunga leso Kitale au Webuye anaelewa jambo hilo bila kusoma kitabu.

Sasa, vitabu hivi vinapatikana wapi? Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba na makumbusho miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma wanaotaka vitabu vya sanaa vinunuliwe kwa fedha za umma wana mahali pa kupeleka ombi lao, hasa wakati wa vikao vya kujadili bajeti ya kaunti. Ombi lenye majina ya vitabu na ya wachapishaji ni vigumu kulipuuza kuliko malalamiko ya jumla.

Matoleo ya zamani ya African Arts na Transition yamewekwa katika mtandao wa JSTOR, ambao vyuo vikuu vingi hujiunga nao. Mwalimu aliye karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka wa 2015, au na taasisi nyingine ya elimu ya juu, anaweza kuuliza kama anaruhusiwa kusomea huko.

Anayesafiri hadi Nairobi ana hazina nyingine. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, alikusanya maelfu ya vitabu adimu kuhusu Afrika pamoja na kazi za sanaa, na sehemu kubwa ya mkusanyiko huo iko katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, Barabara ya Moi.

Ama Kenyan Pots and Potters, ni zaidi ya miaka 35 tangu kichapishwe, na si rahisi kukikuta dukani kikiwa kipya. Anayekitaka aanze kuuliza katika maktaba za vyuo vikuu na za makumbusho, kisha kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Akikipata, jina la Wandibba liko kwenye jalada.